Siku ya Wageni

Yusta Ngailo alikuja kwangu Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya Uteuzi. Alikuwa ametoka zamu, sare ya wodi bado mwilini, na hakukubali kukaa mpaka alipoitoa kofia kwenye kikapu na kuiweka mezani, kati ya bakuli la maparachichi na miwani yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vipi tena, mbona umekuja kama mtu aliyefukuzwa? Kaa, chai ipo."

"Chai nitakunywa. Ila kwanza nijibu kitu kimoja. Ile siku niliyoionja nikiwa kidato cha pili, ilikuwa siku ya kweli?"

Yusta nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mmoja wa watoto thelathini na wanne wa kwanza kuvaa kofia yangu hapa Luvanda, miaka kumi na minane iliyopita. Aliivua machozi yakimtoka, akasema atakuwa mkunga na hataki kusikia habari ya kazi nyingine. Akawa mkunga kweli. Tangu siku hiyo, kila nilipoulizwa mkutanoni kama Kionjo, huo mradi wangu wa kofia, kinafanya kazi, nilimtaja yeye. Nimemtaja mbele ya mawaziri na mbele ya maaskofu.

"Ya kweli kabisa," nikasema. "Kofia aliivaa Mama Grasiana, mkunga wa pale zahanati ya bondeni. Nilikuwepo mimi mwenyewe."

"Najua ulikuwepo. Jumapili nilikwenda kumsalimia Mama Grasiana. Nikamuuliza kuhusu siku hiyo. Alicheka mpaka akashika mbavu. 'Ile siku ya wageni? Tulichinja majogoo mawili!' Akaniambia wajawazito wenye matatizo walihamishwa tangu juzi yake, ili wageni wasione mabaya. Akabaki mama mmoja tu, uzazi wa nne, mtoto akatoka bila taabu. Yule daktari aliyekuwa anafokea watu akapewa ruhusa ya kwenda kwao. Na wenzake wakamwambia, wewe leo usiinue hata ndoo, umevaa mtambo wa watu."

Majogoo yale tuliyala na wali. Nilikuwa naukumbuka ule wali. Nilikula sahani mbili.

Nieleze, maana wapo waliozaliwa wakati kofia zimeshajaa shule zote nchini na hawajui zilianzaje. Kofia ni ya sponji, ndani ina vihisi mia mbili vinavyogusa ngozi ya kichwa. Mfanyakazi akiivaa kutwa, inachukua anachoona, anachoshika, na anachohisi. Hapo kwenye kuhisi ndipo nilipojiona fundi kweli kweli. Mwanafunzi akiivaa baadaye, kwa saa moja anaishi kutwa nzima ya yule mtu. Akiivua, mashine inasoma ni kazi gani iliyompa moyo wake joto zaidi.

Nilianza na kazi arobaini na mbili. Na kwa sababu hapa kwetu huendi kwa mtu kazini bila taarifa, niliandika barua arobaini na mbili, kila moja na muhuri wa shule, wiki tatu kabla. Kila tulikofika uwanja ulikuwa umefagiliwa na maji ya kunawa yamewekwa mlangoni. Fundi umeme alikuwa na glovu mpya. Hakimu alikuwa na kesi mbili tu, zote za majirani waliokwisha kupatana. Mimi, mtu mzima, niliyelelewa na mama aliyekuwa akificha masufuria yaliyoungua kila mgeni akipiga hodi, sikujiuliza hata kidogo. Niliona fahari. Nilisema watu wanaupenda mradi.

"Siku moja ya kwanza ikikosewa," nikamwambia Yusta, "zipo nyingine. Tumerekodi wakunga mia na zaidi tangu wakati ule."

"Ndiyo maana nimekuja na kofia." Akaivuta karibu. "Nimeivaa mwezi mzima, chini ya kitambaa, bila kumwambia mtu. Nikazipeleka siku zote thelathini kwenye mashine. Ishirini na tisa zimerudishwa. Zimeandikwa kelele."

"Na hiyo moja iliyobaki?"

"Siku waliyokuja wakaguzi."

Nikaweka kikombe chini. Nilijua tatizo kabla hajamaliza, kwa sababu mwenye kulitengeneza nilikuwa mimi. Mashine haikuzaliwa inajua ukunga ni nini. Niliifundisha kwa kutwa ya kwanza, tukaiita msingi, na kila rekodi iliyofuata ikapimwa kwa msingi huo: ikifanana inaingia, isipofanana inatupwa kama kelele, kama vile redio inavyochuja mikwaruzo. Kwa miaka kumi na minane mashine ilikuwa inachuja kazi yenyewe na kutuachia siku za wageni.

Na Ijumaa ndiyo ingekuwa siku ya Uteuzi. Hapo awali Kionjo kilikuwa ushauri tu. Mtoto alionja, akaenda nyumbani kufikiri. Sasa Mamlaka ya Uteuzi ilikuwa imeamua kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha pili atapangwa kwenye kazi iliyompa joto zaidi, asome hiyo tu miaka saba, na hakuna kubadilisha. Msingi ulikuwa umefungwa kwa kidole gumba changu. Walinihitaji jukwaani nikaufungue ili mfumo mpya uusome. Baada ya hapo ungekuwa mikononi mwao.

"Fidea ameonja nini?" Yusta akauliza.

Fidea ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na mitano, naishi naye. Yusta alijua jibu. Mtaa mzima ulilijua, kwa sababu nilikuwa nimewatangazia.

"Ukunga," nikasema.

*

"Vaa siku ya kumi na moja," Yusta aliniambia. "Ukishavaa, ndipo tuongee."

Nilivaa nikiwa kwenye kiti changu, jua la saa nne likiingia dirishani, naye amekaa mbele yangu ananitazama.

Kwanza ulikuja mgongo. Mgongo wa Yusta ulikuwa unauma tangu wiki iliyotangulia, na hakuna aliyemwambia asiinue ndoo. Vitanda kumi na vinane, akina mama ishirini na sita. Bomba lilikuwa limekauka. Ndugu wa mgonjwa alimwita mvivu mbele za watu, naye akameza. Mama wa kitanda cha tisa alikuwa mcheshi. Alikitazama kile kitambaa kilichoficha kofia akasema, "Nesi, leo umejifunga kichwa kama unaenda kurina asali," wakacheka wote wawili, na kicheko hicho nilikisikia kifuani mwangu kikiwa cha moto, kizuri. Saa saba, akiwa ameshajifungua, mama huyo akaanza kutokwa damu. Daktari alikuwa na mwingine mezani. Ndege ndogo ya kuleta damu ilikwama kwenye ukungu wa mlimani. Ikawa inaonekana kwenye kioo, kitone chekundu kisichosogea. Nilikuwa na mikono ya Yusta. Nilijua kila kinachotakiwa kufanywa, nikakifanya, nikakirudia. Saa tisa alasiri yule mama alikufa. Mtoto alikuwa analia vizuri tu kwenye kitanda cha pembeni.

Kisha Yusta akaenda nyuma ya chumba cha dobi, akala kiporo cha ugali na maharage, kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi. Kulikuwa na hasira, na njaa, na aibu ya kuona njaa wakati kama ule. Chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kidogo kigumu kilichokuwa kinasema tu: rudi ndani, kitanda cha nne. Akanawa mikono akarudi.

Niliivua kofia. Yusta alinipa maji.

"Pole, Mwalimu."

"Unanipa pole mimi?"

"Wewe ni mgeni."

Nililia, sikuona haya. Baadaye nikamuuliza, "Ungeionja hiyo siku ukiwa na miaka kumi na mitano, ungechagua ukunga?"

Alinyoosha mgongo. "Sijui. Wakati mwingine nadhani ningechagua hivyo hivyo. Wakati mwingine natoka zamu najiuliza ni nani aliyeniweka hapa. Ile miaka ya kwanza, Mwalimu, nilidhani mimi ndiye mbovu. Nilikuwa naingia wodini nangoja ile raha niliyoonjeshwa, haiji, nasema basi nina roho mbaya, sina wito. Miaka sita nimejichukia. Sikudai uniambie ningechagua nini. Nilitaka nafasi ya kujua mwenyewe, na hiyo ndiyo uliyonichukulia."

Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

"Basi niweke siku yako iwe msingi," nikasema. "Ijumaa, badala ya ile ya Mama Grasiana. Watoto waone ukweli."

"Hata mimi nilikuja na wazo hilo." Akaichukua kofia, akaipakata. "Njiani nikafikiria. Yule mama wa kitanda cha tisa, ni nani aliyeniruhusu kumbeba kwenye kofia? Nitamwomba nani ruhusa? Halafu umtie mtoto wa watu kwenye kifo kile, aamke aende kucheza mpira?"

Na mimi niliona jambo lingine, la kifundi, baya vile vile. Nikiweka siku ya kifo iwe msingi, mashine itatupa vicheko. Kila siku ambayo mama amejifungua salama itaandikwa kelele. Ningekuwa nimebadilisha uongo wa wali kwa uongo wa kilio. Kosa halikuwa siku gani tuliyoichagua. Kosa lilikuwa kudhani kazi ya mtu inaingia kwenye kutwa moja, na kwamba kutwa hiyo unaweza kumvika mtu mwingine.

"Wazo lako la kwanza lilikuwa lipi?" Yusta akauliza akiwa mlangoni. "Kabla ya kofia."

Nikacheka kidogo, kicheko kibaya. Kabla ya kofia niliwahi kuwapeleka watoto sita kwa mafundi na manesi na wakulima, muhula mzima, kila Jumatatu, na daftari la kuandika walichoona. Walifagia, walibeba, walifokewa. Mwezi wa pili mzazi mmoja akaja ofisini. Alisema amemleta mwanawe shule asome, sisi tunamfagilisha gereji. Mkuu wa shule alinitazama kama mtu aliyemwaibisha. Nilikwenda nyumbani nikaanza kutafuta njia ya haraka, isiyo na ufagio.

*

Fidea nilimwambia Alhamisi, aliporudi shule. Niliogopa, nawaambia kweli. Nilikuwa nimemwona juma zima anavyotembea, anaimba akiosha vyombo, amebandika ukutani picha ya mtoto mchanga aliyoichora mwenyewe.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo unataka kunifutia."

"Sijakufutia kitu, mama. Nakueleza."

"Ile raha ilikuwa yangu, Bibi! Niliisikia mimi. Hapa!" Akajipiga kifua.

"Ilikuwa ya Mama Grasiana, aliyechinjiwa jogoo."

Nilijuta pale pale. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyenyang'anywa kitu mbele ya wenzake. Alikwenda ukutani, akaibandua ile picha taratibu, akaikunja mara nne.

"Sasa nitajuaje?" akauliza. "Kama hata ninachohisi siyo changu, nitajuaje?"

Miaka thelathini na minane nimesimama mbele ya darasa nikijibu maswali ya watoto wa watu. Nilimwambia sijui. Akaingia chumbani, na chakula cha jioni nilikula peke yangu.

*

Ijumaa walinitumia gari. Shule ilikuwa imepakwa rangi hadi pale macho ya wageni yanapoishia. Nyuma ya maktaba ukuta ulikuwa na ukungu ule ule wa siku zote. Njia ilikuwa imemwagiwa mchanga mweupe. Kwaya ilituimbia, msichana mdogo akanivisha shada, na harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni. Nilipita katikati ya mambo hayo yote nikihesabu: hii imefanywa kwa ajili yangu, na hii, na hii. Hivi ndivyo nilivyopita miaka kumi na minane iliyopita, nikipokea.

Bwana Mbwilo wa Mamlaka ya Uteuzi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Si mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili katika mistari ile.

"Mama yetu, wewe ni kuweka kidole tu. Yaliyobaki tuachie sisi."

Wanafunzi mia mbili na kumi walikuwa wamesimama juani na sweta zao. Fidea alikuwa mstari wa tatu, hanitazami. Wazazi walikuwa nyuma, na nyuma kabisa, karibu na geti, Yusta na sare yake.

Nilipewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaiacha mfukoni.

"Kila mmoja wenu," nikasema, "amewahi kupokea mgeni nyumbani. Mnajua mnavyofagia. Mnajua mnavyowaambia watoto wasigombane. Mimi nilikwenda kurekodi kazi za nchi hii nikiwa mgeni, baada ya kutoa taarifa wiki tatu kabla. Nilikaribishwa vizuri. Nikachukua makaribisho hayo, nikawavika watoto wenu, nikawaambia hii ndiyo kazi."

Nikaeleza yote, barua, majogoo, kelele. Yusta sikumtaja, nilikuwa nimemtaja vya kutosha maishani. Nilipofika kwenye msingi, nikaweka kidole gumba kwenye kioo. Mashine ikaniuliza kama kawaida: kufungua, au kufuta. Bwana Mbwilo alikuwa karibu, nikamsikia ananong'ona, "Mama, usitufanyie hivi, tafadhali, kuna watu wengi sana."

Ni kweli. Kulikuwa na watu wengi sana.

Nikafuta. Zote arobaini na mbili. Ilichukua muda mfupi kuliko kuosha kikombe.

Kelele iliyotokea siwezi kuieleza. Mzazi mmoja aliniita mchawi. Kisha mwanamume mmoja akasimama juu ya benchi, mrefu, mabega ya kupanda nguzo, nikamtambua: Kastory Mhavile, alikuwa darasa moja na Yusta, alivikwa siku ya yule fundi umeme mwenye glovu mpya.

"Mwalimu! Mimi naipenda kazi yangu. Miaka kumi na mitano naipenda. Leo unaniambia nimedanganywa? Unataka nikamwambie nini mke wangu?"

"Kastory," nikasema, "siku ngapi kati ya hizo zilifanana na ile uliyoionja?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Na bado unaipenda."

"Naipenda."

"Basi hiyo ni yako, baba. Mimi sikukupa, wala siwezi kukunyang'anya. Ila wapo wenzako ambao haikuwajia, wakadhani wao ndio wabovu. Hao ndio ninaowaomba radhi."

Alibaki amesimama juu ya benchi kama aliyesahau kushuka. Kule nyuma Yusta alikuwa ameinamisha uso kwenye kiganja. Pilau haikuliwa na wageni. Niliambiwa baadaye wanafunzi waliimaliza.

*

Mamlaka imenifungulia shauri, litasikilizwa mwezi ujao. Nitakwenda. Mia mbili na kumi wale hawajapangwa popote, wanangoja nyumbani, na kuna wazazi wasionisalimia njiani. Sijidanganyi kwamba nimetengeneza kitu. Nimebomoa tu, na kwa umri wangu sidhani kama nitauona ujenzi.

Ila Jumatatu Fidea aliamka mapema, akavaa nguo za kazi na raba za zamani. Hakuniaga vizuri, alisema tu, "Naenda kwa dada Yusta." Nilitaka kumpigia Yusta simu, nimwambie mtoto anakuja, amwangalie, asimwanzishe na mambo mazito. Simu nilikuwa nimeshaishika. Nikairudisha mezani, na mkono nikaukalia.

Alirudi saa kumi na moja jioni. Sketi ilikuwa na doa la dawa ya kusafishia, na vidole vimekunjamana kwa maji. Alikaa jikoni, akavua raba, akaitazama miguu yake. Nilikuwa na nyama kwenye jokofu, niliyoinunua kwa ajili yake, na mchele wa Kyela. Niliuangalia ule mchele. Kisha nikampashia kiporo cha mchana, ugali na maharage, nikamwekea mbele, nikakaa.

Alikula bila kuinua kichwa. Kila swali nililokuwa nalo lilikuwa mdomoni, na nililishika.

"Walinipa dekio," akasema hatimaye. "Nimedeki korido mara nne. Dada mmoja amenifokea kwa sababu nilisimama njiani. Kuna mama alikuwa analia, akanishika mkono kwa nguvu hivi, hakuniachia mpaka saa nane. Sikujua nimwambie nini. Sikumwambia kitu."

"Ulijisikiaje?" Liliniponyoka.

"Sijui, Bibi. Miguu inauma." Akamega tonge, akalishika bila kulila. "Kutwa nzima hakuna hata mtu mmoja aliyenikaribisha."

Nikavuta kiti changu karibu na chake. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiwiko, akamaliza sahani. Kisha akasimama kuziosha raba zake, kwa sababu, alisema, kesho wanaanza saa kumi na mbili.